Mama Amesafiri, Ukurasa wa Kwanza

Hadithi ya binti aliyetumwa na mama wa kambo kuchota maji kwa chekeche kila mtu anaijua, na asiyeijua basi utotoni alikuwa analala mapema. Inaanza na kifo. Mama mzazi anakufa kwenye sentensi ya kwanza, hujakaa hata vizuri, ndipo anaingia huyo mama wa kambo na roho yake ya korosho, na chekeche, na kisima, na chura anayejua kusema. Bila kifo hakuna hadithi. Lakini kamwambie hivyo mwongozaji wa jumba la michezo linaloigizia familia nzima, baba, mama na watoto, uone atakavyokutazama.

Mwongozaji mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mtu wa watu, mgumu wa kusema hapana. Siku ile alimwita ofisini mwandishi aliyeigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo, akafunga mlango, akazungukazunguka na habari za mapazia na taa, mwisho akalitoa: mama asife. Watoto watalia, wazazi watanuna. Asafiri tu. Alipokuwa anasema macho yake yalikuwa kwenye zulia, maana alijua anamwambia nani. Mwandishi huyu, ambaye kazini walimwita Fundi, alikuwa amemzika mke wake miezi minne tu iliyopita.

Fundi akasema sawa. Akachukua kalamu palepale, akakata "akafa", akaandika "akasafiri". Alingoja kitu kimchome, hata kidogo, kisije. Ilikuwa kama kujigusa shavu baada ya kuchomwa sindano na daktari wa meno: unajua ni shavu lako, ila lenyewe halina habari na wewe.

Ganzi hiyo alikuwa nayo tangu mazishini. Wenzake walilia mpaka sauti zikawakauka, yeye akawa anapanga viti. Wapo waliomsifu kwamba kajikaza kiume, na wapo walionong'ona kwamba labda hakumpenda. Binadamu bwana, hata ukiwa msibani wanakupa maksi! Alimpenda, tena sana, na hilo ndilo lililomtisha. Alikula, alioga, alikwenda kazini, akarudi, na humo ndani kimya.

Na kazi ya kumsafirisha marehemu hakuianzia ofisini kwa mwongozaji, aliianza nyumbani kwake. Alikuwa na binti wa miaka saba, ambaye kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika walimbandika jina la Chiriku. Siku ya msiba mtoto alipelekwa kwa shangazi yake, dada yake Fundi. Aliporudishwa, nyumba bado ina wageni wenye macho mekundu, akamkuta baba yake amekaa mezani anamenya chungwa. Akauliza mama yuko wapi. Fundi akasikia kinywa chake kikijibu kwamba mama amesafiri, kikazi, mbali. Alikusudia uongo wa siku moja, apumue kwanza. Siku moja ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ukoo mzima.

Dada yake alimkanya mpaka akachoka. Njia ya mwongo ni fupi, alimwambia, na mtoto si mjinga, ni mdogo tu. Fundi akawa anajibu kesho. Kilichomzuia hakumwambia mtu: aliogopa kumpa mwanawe habari ile kwa uso mkavu kama anasoma hali ya hewa, mtoto akaamini kwamba kufiwa na mama si kitu. Alitaka alie kwanza yeye, ndipo aseme. Machozi nayo, kama fundi bomba, ukiyangoja hayaji.

Sasa, jumba lile lilikuwa na utaratibu wake. Wiki moja kabla ya mchezo kufunguliwa, watoto wa wafanyakazi wote hukalishwa kwenye mkeka mbele kabisa, wakaonyeshwa mchezo mzima bila mavazi wala taa. Ukiisha, wanausimulia upya kwa kupokezana, kila mmoja kipande chake, na mwongozaji anaandika. Watakachobadilisha watoto kinabadilishwa, na mwandishi hana pa kukata rufaa. Chiriku hakuwahi kukosa mwaka hata mmoja tangu ajue kukaa. Shangazi akasema, kaka, usimpeleke pale kabla hujamwambia. Fundi akamjibu kwamba mchezo wenyewe hauna kifo. Alikuwa ameupitia mara mbili, ukurasa kwa ukurasa, na hata neno lenyewe halimo.

Jumamosi saa nne asubuhi watoto kumi na mmoja wakaketi. Mwigizaji wa kike akajifunga kitambaa, akanyanyua sanduku, akampungia mkono binti yake na mume wake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mume, ambaye ni fundi viatu, naye akapunga, kisha akaendelea kugonga kisigino. Mama wa kambo akaingia akazomewa vizuri. Chura aliporuka watoto walicheka mpaka mmoja akakwamwa na kikohozi. Fundi alisimama nyuma kabisa, ubavuni mwa ukuta, akiweka alama kwenye karatasi: hapa wamecheka, hapa wametulia. Mchezo ulikuwa umekaa sawasawa, naye hakufurahi wala hakusikitika.

Ikafika zamu ya kusimulia. Mtoto wa fundi taa akaanza: hapo kale palikuwa na binti mmoja, na baba yake, na mama yake. Akamgeukia aliyekaa pembeni yake, na huyo alikuwa Chiriku.

"Halafu mama akafa," Chiriku akasema.

Kalamu ya mwongozaji ikasimama. Mkeka mzima ukamrukia Chiriku: muongo, amesafiri, si tumemwona na sanduku! Mwongozaji akawatuliza, kisha akamuuliza kwa upole kwa nini anasema mama amekufa.

"Sanduku alibeba," Chiriku akasema, "lakini baba haulizi atarudi lini. Mchezo wote hajauliza. Mtu akisafiri, unauliza."

Fundi akatazama karatasi zake. Kweli hakuna. Kurasa arobaini, na yule mume hajamtaja mkewe tena hata kwa bahati mbaya. Ndipo akawaza nyumbani kwake. Miezi minne, naye hakuwahi hata mara moja kutamka "mama akirudi". Tena, jamani, mtoto huyu anayeuliza mpaka sababu ya kuku kukosa meno, hakuwahi kumuuliza mama anarudi lini. Fundi alikuwa amelihesabu hilo kuwa bahati.

Mwongozaji alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akatangaza mapumziko, akawaswaga watoto wengine kwenda kula biskuti. Fundi akatembea mpaka kwenye mkeka, akachutama mbele ya mwanawe. Uso wake ulikuwa mkavu vilevile, na safari hii hakungoja.

"Mama yako hakusafiri," akasema. "Alikufa, hospitali. Nilikudanganya."

"Najua, baba."

Akamuuliza nani kamwambia. Hakuna, akasema Chiriku. Siku ileile kwa shangazi alimsikia akilia bafuni, bomba limefunguliwa, anamtaja mama. Na waliporudi nyumbani, kila mtu alikuwa analia. Fundi akamuuliza, sasa mbona hukusema? Mbona kila nikikwambia amesafiri unaniitikia?

Chiriku akageuka kwanza kuona kama wenzake hawasikii. Kisha akamwekea baba yake mkono begani, taratibu, kama wanavyofanya watu wazima wakileta habari mbaya.

"Wote walikuwa wanalia, wewe hulii," akasema. "Nikadhani wewe ndiye hujaambiwa."