Maneno ya Bibi, Jina la Profesa

Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Angekuwa mkorofi, binti angemchukia akapumua. Lakini mama wa watu aliigeuza kompyuta taratibu, akamwonyesha kurasa za tasnifu yake zilivyojaa wekundu.

"Mwanangu, mashine ya kunasa wizi wa maandishi imekukamata. Haya yote yamo kwenye kitabu cha profesa."

"Ni maneno ya bibi yangu! Namna ya kuonja udongo kabla ya kufinyanga, kuujua ule utakaopasuka motoni. Kanifundisha mwenyewe!"

"Naamini. Lakini kitabu kinasemaje?"

Kitabu kilisema "mfinyanzi mmoja mkongwe." Basi. Profesa huyo aliwahi kukaa kwenye mkeka wa Bibi kutwa nzima, akala, akashiba, akaondoka na maneno. Jina akaliacha mlangoni kama kandambili.

"Una sauti uliyorekodi? Tarehe ya mahojiano?"

Hana. Nani anamrekodi bibi yake? Walikuwa wakipiga soga tu, mikono imejaa matope.

"Basi rudi ukamhoji upya."

"Kiharusi kimemnyang'anya sauti, mama. Hasemi tena."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Pole sana. Lakini bila ushahidi, kilichochapishwa ndicho kinachotajwa. Usipomtaja profesa, watasema umemwibia, na shahada itaota mbawa."

Amwibie aliyeiba! Binti alitaka kupiga kelele, akavuta kiti. Akaketi palepale, akaliingiza jina la profesa kwenye mabano palipokuwa na la Bibi, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka wekundu wote ukaisha. Angefanyaje?

Nyumbani alimkuta Bibi ameegemea mito, macho mlangoni. Binti alikuwa amemwahidi ajuza wa watu kwamba siku sura ile ya tasnifu ikikamilika atajiona humo. Bibi alipoona karatasi, mkono wake uliobaki mzima ukanyooka kuzidai. Binti akampa. Angemnyimaje?

Shule Bibi hakuiona hata mlango. Neno moja tu alilijua kwa macho, lile la kutilia sahihi: jina lake. Kidole kikaanza juu ya ukurasa, kikashuka mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka chini kabisa. Kikasimama.

Kisha kikarudi juu, kikaanza upya.