Nafasi ya Gofaone

Kwenye tenisi ya kulipwa ya wanawake, ukishindwa mechi ya mwisho ya mchujo hujafukuzwa kabisa. Kesho yake asubuhi unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, unasaini mezani kwa msimamizi nusu saa kabla ya mechi ya kwanza. Aliyefuzu akiumwa tumbo au akitegua mguu, nafasi yake anapewa mmoja wa waliosaini, yule mwenye rekodi bora. Usiposaini, hata uwe nani, huna chako. Wala huwezi kumtuma mtu akusainie.

Onalenna na Gofaone walishindwa wote wawili Jumatatu, mjini Gaborone, Botswana. Onalenna, binti wa kutoka mji wa Maun, alifungwa upesi, hata jasho la maana hakutoka. Gofaone alipigana saa tatu na ushei mpaka mapaja yakamkaza. Kwa rekodi Gofaone ndiye aliyekuwa juu, kwa hiyo nafasi ikipatikana moja, ni yake. Walilijua hilo wote wawili, na wala hawakulizungumza.

Tena aliihitaji, maskini. Alishapata pointi katika mashindano mawili. Angepata katika ya tatu, jina lake lingeingia kwenye orodha ya dunia. Miaka sita alikuwa akilikimbiza jambo hilo hilo. Mama yake alishamwambia, na si kwa ubaya, kwamba wiki hii ndiyo ya mwisho. Ikipita bure, aende Lobatse akauze misumari na mabati dukani kwa mjomba wake.

Jumanne asubuhi Gofaone hakuweza kushuka kitandani. Onalenna alikuwa mgeni wao, wakilala chumba kimoja wiki ya pili sasa.

"Shoga, hii miguu si yangu," Gofaone alisema. "Tangulia wewe. Ukiona dalili ya mtu kujitoa, nipigie. Nafika kwa dakika kumi."

"Na kusaini?"

"Kama hakuna anayejitoa, nikasainie nini, maji ya bomba?"

"Mvivu wewe."

"Mvivu babu yako! Nenda huko."

Onalenna alifika uwanjani saa tatu kasorobo. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule msichana wa Bulgaria aliyepangwa kucheza mchana, kakaa kwenye benchi, mguu kautumbukiza ndani ya ndoo ya barafu, analia. Kifundo kimevimba. Mwenye macho haambiwi tazama. Huyo hachezi leo, na pengine hata mwezi huu.

Akatoa simu, akalitafuta jina la Gofaone, akalipata. Basi si apige? Hakupiga. Alisimama pale akipiga hesabu: wale wawili wengine walioshindwa walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao. Waliobaki ni yeye na Gofaone tu, na Gofaone yuko kitandani. Akajiambia anangoja apate uhakika kwanza. Uhakika gani, jamani, na ndoo ile pale?

Simu ikalia yenyewe, ujumbe kutoka kwa Gofaone: *Vipi huko?*

Akaandika: *Kimya kabisa. Pumzika.*

Kisha akaenda mezani, akasaini. Mma Ditsele, yaani Mama Ditsele, yule msimamizi, alimtazama juu ya miwani.

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Miguu imemkaza, mma. Haji."

Saa tatu na nusu orodha ikafungwa. Dakika tano baadaye msichana wa Bulgaria akajitoa, na nafasi akapewa Onalenna. Hapo ndipo alipompigia Gofaone, akamwambia kwamba yule binti kajitoa ghafla, saa za kusaini zikiwa zimeshapita.

 Gofaone akacheka, kicheko kibaya. "Kitanda kimeniponza. Mjinga wa kutupwa mimi! Haya, umekula?"

Afadhali angemtukana. Onalenna aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado akajibu kwamba amekula.

Mchana Gofaone akaja akichechemea, mama yake kamshika mkono, na akasimama kwenye wavu wa uzio juani. Onalenna alikuwa ameshaamua moyoni: atashindwa. Akishindwa, hata yeye hatapata pointi, na ubaya wake utakuwa mdogo. Akaanza kupiga ovyo, bila kujali. Kumbe mkono usioogopa hauna mfano! Kila alichopiga kikaingia. Yule Mzulu aliyecheza naye, msichana mrefu wa Durban, akabaki kushangaa.

"Mpigie kushoto!" Gofaone alipaza sauti hadi ikakauka. "Kushoto kwake kubovu, nakwambia! Mimi alinifunga Juni, namjua!"

Ukiambiwa hivyo na mtu uliyemwibia, utafanyaje? Onalenna alipiga kushoto. Seti ya kwanza sita kwa nne, ya pili saba kwa tano, na pointi ikawa yake. Gofaone alishangilia kuliko watu wote waliokuwepo.

Jua halijazama walikuwa mezani nyumbani. MmaGofaone, mama mtu, alimpakulia mgeni seswaa, nyama ya kupondwa, akamwekea mnofu mkubwa kuliko wa mwanawe.

"Kula, mwanangu. Kama si wewe kuwahi, ile pointi wangeichukua watu baki. Sasa angalau imebaki humu humu ndani."

Onalenna alimega tonge, akalirudisha sahanini. Akaweka mkono chini.

"Mma, nilimwona mapema," akasema.

"Ulimwona nani?" Gofaone akauliza.

"Yule Mbulgaria. Mguu ndani ya barafu, saa tatu kasorobo. Uliponiuliza vipi, nilikuwa namtazama. Na Mma Ditsele nilimwambia huji."

Mama aliacha kupakua. Gofaone aliichukua simu yake, akausoma ule ujumbe, akaurudia tena.

"Nisamehe," Onalenna alisema huku analia. "Kesho asubuhi najitoa. Nakwenda kwa Mma Ditsele, namweleza kila kitu."

"Ukijitoa, mimi napewa?"

"Hapana."

"Pointi inarudi kwangu?"

"Hapana, Gofaone."

"Basi unajitoa ili nani apate usingizi?"

Onalenna akajifuta machozi.

"Kesho utacheza," Gofaone alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Utakimbilia kila mpira mpaka na wewe ukazwe na miguu. Usiniibie nafasi halafu ukaitupe. Ila humu hulali tena."

Akainuka, akachechemea hadi chumbani, akarudi na begi la raketi za Onalenna na blanketi lake, akaviweka mlangoni.

 MmaGofaone aliichukua ile sahani ambayo haijaliwa, akaimimina seswaa ndani ya bakuli la plastiki, akafunika vizuri, akamnyooshea mgeni huku anatazama ukutani. Onalenna akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao, akasema asante, mma. Kisha akabeba begi na blanketi, akatoka.