Injini Iliyoacha Kukojoa

Mwezi wa nne maji ya ziwa letu, Tonle Sap, hayapiti goti. Kila mvuvi anajua. Mheshimiwa aliyetuletea injini hakujua, au hakujali. Alikuja wakati wa kura, akagawa injini mpya nane, na kwa kila mpya akachukua kuukuu: zile za mkia mrefu, ambazo ukikandamiza mpini pangaboi hupanda juu ya tope. Niliwaambia wenzangu wasikubali. Wakanicheka, eti bado nalalamikia uzio wa mianzi ambao matajiri walitumia kutufungia ziwa nikiwa kijana. Ndiyo, naulalamikia.

Asubuhi moja ya mwezi huo wa nne dada yangu Sokhoeun alianza kuvuja damu, mimba ya miezi minane. Mumewe, Phirun, akamlaza mashuani, akashika injini. Mimi nikakaa mbele. Zahanati ilikuwa mwisho wa mfereji.

Injini mpya hunywa maji ya ziwa ili ipoe, kisha huyatema kwa mchirizi ubavuni. Sisi husema inakojoa. Katikati ya mfereji tope lilikuwa zito kama uji, na mchirizi ukawa matone. Nikamwambia Phirun azime, tushuke tusukume. Akasema tukisukuma tutafika jioni. Tukabishana hivyo juu ya kichwa cha Sokhoeun, mpaka akasema, macho ameyafumba, kwamba mzigo tumboni ni wake na hakuna aliyemuuliza.

Hatukumuuliza.

Matone yakakoma. Harufu ya rangi inayoungua ikatanda.

"Imeacha kukojoa, shemeji."

"Naona."

"Zima sasa. Ikipoa itawaka tena. Ukiendelea unaiua."

"Na yeye akipoa?"

Phirun akaongeza moto. Tulikwenda kama hatua mia mbili, mbio kuliko mwanzo, nikaanza kuamini kwamba mjinga ni mimi. Kisha ukasikika mlio mmoja wa chuma, na kimya. Phirun akavuta kamba ya kuwashia. Haikutoka hata shubiri.

Bati la zahanati lilionekana, jekundu, mbali. Tukashuka, tope hadi mapajani, tukasukuma. Mwanzoni Sokhoeun alituelekeza penye maji, kushoto, kulia. Baadaye akawa anaitika tu tukimwita. Phirun akaacha kumwita, kwa kuogopa asiitike.

Mimi niliendelea kumwita. Bati halikusogea.