Jaruba la Bwana Tope

Maji yalipotulia, mke wa Bwana Tope aliona udongo umechomoza katikati ya jaruba lao la mpunga kama migongo ya ng'ombe. Upande wa pili, mguu wake ulizama hadi gotini.

Mumewe hakuitwa Bwana Tope bure. Akishika trekta la mkono, huvuruga udongo uliojaa maji ukawa laini kama uji, kisha huvuta ubao juu yake mpaka pote pakawa sawa. Na kesho yake ilikuwa zamu yao ya mashine ya kupandikiza. Mashine haina huruma: penye mwinuko miche hukauka, penye shimo huzama.

"Baba watoto, na pale katikati?"

"Pana nini?" Akageuza uso, lakini siko alikoonyeshwa.

Hapo ndipo yote yalipomrudia: chai iliyomwagwa nje ya kikombe, na siku ile mumewe alipoliamkia koti lililotundikwa mlangoni, wakacheka wakidhani anatania.

"Unaniona?"

"Naona kivuli chako."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Mama watoto, nani atampa kipofu trekta lake?"

Mke akashika mwenyewe mikono ya trekta. Mumewe akatangulia pekupeku, akipapasa tope kwa nyayo na kumwelekeza. "Hapa juu. Vuta huku." Jioni jaruba lilikuwa sawa, lakini tope lilikuwa bichi, halijapata muda wa kushikamana.

"Wakiuliza," mumewe alisema, "waambie wewe ndiye uliyevuruga."



Asubuhi dereva wa mashine alichovya mkono topeni, akatikisa kichwa. "Miche itaelea hapa. Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," mke akasema.

Majirani waliokuwa wakingoja zamu zao wakaangua kicheko. "Shemeji, jembe la jikoni ni mwiko!" mmoja akadakia. Mke akainamisha kichwa.

"Acheni!" Bwana Tope alikuwa ukingoni mwa jaruba. "Ni mimi niliyeliharibu. Macho yangu yamekwisha."

Kicheko kikakatika. Dereva akaiwasha mashine na kuipeleka kwa jirani, bila kumtazama mtu usoni.

Iliporudi kwao baada ya siku kadhaa, tope lilikuwa limeshikamana vizuri, lakini miche kitaluni ilikuwa imerefuka kupita kiasi. Mashine iliilaza mistari mizima. Ilipoondoka, mke na mume wakainama kuziba mapengo kwa mkono.

"Hapa pana mche?" mume aliuliza.

"Hapana. Chomeka."

"Na hapa?"

"Upo. Tukimaliza tunakwenda kupima macho, umesikia?"

Upande wa pili wa mfereji, jirani aliyezoea kumwita mumewe kila msimu amvurugie jaruba alikuwa akimfundisha mtu mwingine kuwasha trekta. Bwana Tope akasimama, akausikiliza mlio ule hadi ulipotulia, kisha akainama tena.