Chumvi Mkono wa Kushoto

Jiko la Anyait lilikuwa na mpango ambao mgeni angeuita fujo. Kibuyu cha chumvi kilining'inia kushoto kwa mafiga. Magadi ya kulainishia maharagwe yalifungwa kitambaani upande wa kulia, na chungu cha njugu za kusaga kilikaa nyuma yake ukutani. Mama huyo alipika akiwa ametulia kwenye kigoda. Mkono ulikwenda ukarudi na kitu, na kuonja hakuonja kamwe, maana alijivunia kwamba vidole vyake ndivyo vijuavyo kipimo.

Alaso, mke wa mwanawe, hakuupenda mpango huo. Mwaka ule wa sitini na tano watu walikuwa wakila mahindi ya njano ya msaada, na kule Amagoro bibi wa maendeleo alifundisha akina mama kubana matumizi na kupanga jiko. Alaso alihudhuria bila kukosa, akarudi kichwa kimemjaa. Ukoko wa ugali haukutupwa tena, ukawa uji wa asubuhi. Maji ya maharagwe yakawa supu. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kisha akageukia kutengeneza rafu. Mumewe Egwang, aliyekuwa kibarua wa mizigo pale stesheni ya Malaba, alimletea mbao za kreti lililovunjika. Kwa Hasina, mwenye duka Busia, akapata makopo matupu ya mafuta ya kupikia, yote ya kimo kimoja. Vibuyu vikashushwa. Kila kopo likabandikwa karatasi yenye jina. Chumvi ilikuwa kidogo, ikasukumwa mwisho kabisa. Kopo la magadi ndilo halikuwa na kutu hata chembe, basi Alaso akaliweka kushoto, mahali mtu akiingia analiona kwanza. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake, akajipenda.

"Mama, nimepanga vizuri sasa," alisema. "Nimeandika juu, huwezi kupotea."

Anyait hakujua kusoma, na Alaso alilijua hilo. "Ni vizuri," mama mkwe alijibu.

Siku mbili Alaso alipika mwenyewe; siku ya tatu wakaja wageni, Paulinus, mjomba wake Alaso, na wazee wawili wa ukoo. Kwa ajili yao nyumba ilikuwa imeficha kipande cha mwisho cha nyama iliyokaushwa moshini na njugu za mwisho. Alaso alikuwa uani akiwanawisha mikono. Anyait alibaki jikoni kumalizia mchuzi.

Paulinus alimega ugali, akachovya, akala. Akaliweka tonge la pili mezani, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Wazee nao wakaacha kuchovya. Egwang alionja, uso ukamharibika.

"Mama, umeweka nini kwa hii chakula?"

Yalikuwa magadi, kiganja kizima. Mchuzi ulikuwa mchungu kama sabuni. Wageni walikula ugali na maziwa ya mgando, wakashukuru kwa adabu, adabu ile inayouma kuliko tusi. Alaso alikimbilia jikoni akaliona kopo liko wazi, upande wa kushoto, palepale kilipokuwa kikining'inia kibuyu cha chumvi. Akaelewa yote mara moja.

Jioni, mjomba akiwa bado hapo, Egwang alisema, "Mama amezeeka. Aachane na mambo ya jiko."

Hapo ndipo pa kusema. Alaso aliufungua mdomo, akaiona mawazoni rafu yake ikibomolewa, akamwona mumewe akimwangalia mbele ya mjomba. "Ndiyo," akasema, "apumzike tu." Anyait alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo.

Tangu siku hiyo Alaso alipika peke yake. Mama mkwe alikaa chini ya ghala akichambua maharagwe, na Alaso, kwa kuwa sasa alikuwa akimtazama kila saa, aliona. Vidole vilipapasa kila punje. Kuku alipopita mbele yake, Anyait aligeuza kichwa alipomsikia tu. Alaso alihisi aibu mpaka masikioni.

Asubuhi moja, Egwang akiwa kazini, alipiga magoti mbele yake. "Mama, ni mimi niliweka magadi mahali ya chumvi. Si wewe. Leo nitamwambia Egwang."

"Usimwambie."

"Lakini wanasema umechanganyikiwa."

"Wacha waseme. Ukimwambia ulihamisha makopo, atauliza kwa nini sikuona." Anyait aliendelea kuchambua. "Akijua macho imeisha, atanipeleka kwa dada yake huko Tororo, nikae kwa nyumba sijui mlango iko wapi. Hapa najua."

"Ulijua ni mimi?"

"Siku ileile. Baadaye nilipapasa lile kopo, halina kutu, nikajua umeliweka mbele lionekane."

Alaso alilia, na kulia hakukumsaidia. Angeweza kusafisha jina la mama huyu, na kwa kulisafisha angemfukuza nyumbani kwake. Alichoweza ni kuyatoa makopo na kuvirudisha vibuyu, kila kimoja mahali pake, huku akimwuliza Anyait kutoka mlangoni: kushoto, mama, au kulia? Kisha akamsihi arudi, apike mchana Egwang akiwa stesheni. Nani angejua?

Siku mbili zikapita bila mtu kuja. Siku ya tatu Alaso alikuwa akichochea moto aliposikia nyayo zikisimama nje ya jiko, jiko ambalo Anyait alilikandika kwa mikono yake mwenyewe akiwa bibi harusi.

"Hodi," akasema Anyait.

Hakuingia. Alisimama akiwa ameshika mwimo wa mlango, akingoja. Alaso alitaka kumwambia kwamba hodi ni neno la mgeni, si lake kulisema pale. Akabaki na kuni mkononi. Na mama mkwe, asiyeona kama kuna mtu ndani au hakuna, akabisha tena, kwa upole zaidi, mpaka Alaso akalazimika kumkaribisha.