Kichanja cha Mzee Robo

Watu walimwita Mzee Robo, naye alilibeba jina hilo kama cheo. Miaka arobaini, kila asubuhi, alishuka stoo ya chini, akaishika kila chupa iliyoinamishwa shingo kwenye kichanja, akaizungusha robo, isizidi wala isipungue, akatia alama ya chaki kitakoni. Ndivyo mashapo ya chachu yalivyoteremka shingoni yakatolewa, na mvinyo wa povu wa zabibu za Chardonnay za shamba la ukoo ukabaki safi, hauna hata vumbi.

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alizungusha asubuhi, akasahau, akarudi saa nne, akarudi tena mchana. Mashapo yakavurugika. Mavuno ya mwaka mzima yakawa kama maji ya kunawia.

Binti yake, aliyebaki shambani na wazazi wake kaka yake alipohamia mbali, akajikuta njia panda: amfukuze baba stoo, au aache kazi ya ukoo ife. Asiyewahi kumnyang'anya mzazi wake kazi na amshukuru Mungu. Binti akajaza maji ya bomba kwenye chupa sitini, akazifunga vizibo, akazipanga kwenye kichanja cha karibu na ngazi. Mvinyo wa kweli akaufungia chumba cha nyuma.

“Baba, hiki ndicho chako. Vingine niachie mimi.”

“Haya, lakini usije ukanizidishia robo huko!”

Wakacheka. Binti akaenda kulia nyuma ya mapipa, na kwa miaka miwili hakumwambia mtu.

Mzee akafariki. Walipotoka kuzika, ndugu wakiwa wamejaa sebuleni, kaka alishuka stoo bila kuuliza, akapanda na chupa ya kichanja kile.

“Hii kaizungusha kwa mikono yake,” alisema. “Leo tunywe jasho la baba.”

“Kaka, ngoja kwanza...”

Kizibo kilishatoka, kimya, bila hata tone la povu. Kaka akamimina glasi tatu, akaonja, akamgeukia dada yake.

“Mbona maji haya?”

Binti akaeleza yote. “Nilimdanganya,” alimalizia. “Miaka miwili nimemchezea baba yangu kama mtoto mdogo.”

Mama yao akavuta glasi yake, akanywa hadi tone la mwisho.

“Mwanangu, maji yana mashapo?”

Binti akaitazama shingo ya chupa. Kumbe hilo hakuwahi kuliwaza! Mtu aliyekagua shingo za chupa miaka arobaini angekosaje kuona?

“Siku ile ile ya kwanza alipanda akaniambia, ‘Mke wangu, zile chupa ni maji.’ Nikamwambia, mwanao hataki ukae bure. Akalia. Akajifuta, akasema, ‘Basi nisimvunje moyo.’ Akarudi chini kumalizia.”

“Kwa hiyo miaka yote hiyo alijua?”

“Alijua, akasahau. Kesho yake akapanda tena. ‘Mke wangu, zile chupa ni maji.’ Akalia upya.”

Binti alishika ukingo wa meza. “Mara ngapi, mama?”

“Kila asubuhi,” mama alisema. “Na kila asubuhi alirudi chini kumalizia.”