Gari Limetoka Kuoshwa

Kila siku baada ya chakula cha mchana Voahangy alikwenda kuokota mayai ndani ya gari la Reno la marehemu mumewe, na kila siku ilimbidi amwambie marehemu anyanyue miguu.

"Nyanyua basi, baba. Mtetea kajificha hapo chini."

Ralaivao alinyanyua. Alikaa kiti cha abiria, amekumbatia sufuria yenye kifuniko, mkeka umeviringishwa magotini, kijiko kimo mfukoni mwa shati. Hivyo ndivyo mtu wa Ambohidray anavyokwenda kulazwa, maana hospitali ya kule kilimani ina vitanda na ina madaktari, lakini sufuria na mkeka ni juu yako. Alikuwa tayari kabisa. Miaka saba yuko tayari.

Reno yenyewe haikuwa tayari kwa lolote. Haikuwa na magurudumu, sakafu ililiwa na kutu, na mmea wa maboga uliingia kwa dirisha moja ukatokea kwa jingine. Ilikufa kabla ya mwenyewe, ndiyo sababu siku alipougua hakuweza kujipeleka.

Siku ile tumbo lilimshika asubuhi. Akavuka barabara, amejikunja, mpaka kwa kaka yake Razafimahefa, kwenye nyumba ya matofali yenye baraza juu na baraza chini. Kaka alikuwa na pikapu, imeegeshwa mlangoni, inang'aa mpaka kuku walijitazama humo. Razafimahefa alimtazama mdogo wake, akaitazama pikapu, akaitazama barabara ya kilimani ambayo mvua ilikuwa imeigeuza uji mwekundu.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Gari limetoka kuoshwa."

Alisema kwa upole. Mtu mpole sana yule, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Ralaivao akapandishwa gari la ng'ombe. Ng'ombe ni viumbe visivyo na haraka, hata uwapige vipi. Walipofika kwenye lango la hospitali, muuguzi aliwapa pole, akawaonyesha mahali pa kugeuzia.

Kaka ndiye aliyenunua sanda. Ilikuwa ya hariri, pana, watu waliisifu mwezi mzima. Mwili ulilazwa kaburi la ukoo ukatulia. Ralaivao mwenyewe alirudi kabla matanga hayajaanuliwa, Voahangy akamkuta kwenye Reno na sufuria yake.

"Mbona umerudi?"

"Nasubiri lifti."

Hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyeambiwa gari limetoka kuoshwa ana haki ya kutumaini kwamba siku moja litachafuka.

Voahangy alitaka jambo moja tu. Alitaka neno lile lililosemwa barazani litajwe mbele za watu na aliyelisema, naye aliombee radhi. Basi. Hapo mumewe angeshuka, akalale na baba zake kama watu wengine. Hakudai pesa, hakudai shamba. Alidai sentensi moja, na kumbe sentensi ni ghali kuliko hariri.

Razafimahefa alipostaafu alishikwa na mapenzi ya magari ya kale. Zamani alipenda mapya, sasa yakamchosha. Alinunua Reno ya mwaka uleule wa ile ya mdogo wake, akaipaka rangi ya samawati, akashonesha viti, akasugua taa kwa majivu, akachaguliwa mwenyekiti wa chama cha magari ya kale cha Ambohidray. Kilichobaki kilikuwa giaboksi. Reno za miaka ile ya mwanzo zina gia tatu, zilizofuata zina nne, na waamuzi wa chama ni watu wanaoingiza gia moja moja huku wakihesabu kwa sauti. Akatafuta mpaka mjini Antsirabe. Giaboksi ya gia tatu ilibaki moja tu upande huu wa nchi, na juu yake alikuwa amelala jogoo.

Miaka saba hakuvuka barabara ile. Siku hiyo alivuka, tena na fundi.

Fundi Solofo hakuona kazi ngumu. Kwenye Reno zile giaboksi imekaa mbele ya injini, unatoa uso wa gari, unatoa rejeta, unaikuta imekusubiri. Alimsalimia Ralaivao aliyekuwa akimtazama kupitia dirisha lisilo na kioo, akamfukuza jogoo, akaweka spana. Bolti ya kwanza ililegea vizuri. Alipohamia ya pili, ya kwanza ikajikaza. Akarudi ya kwanza, ya pili ikajikaza. Akafuta jasho.

"Mama," akaita, "hili gari likifunguliwa linajifunga."

Voahangy alitoka jikoni na kikombe cha maji ya ukoko wa wali. "Umebisha hodi?"

"Kwa nani tena?"

"Kwa mwenyewe. Humuoni alivyokaa?"

"Nimemsalimia."

"Salamu ni salamu. Anayekuja kuchukua kitu cha watu huleta mshenga."

Razafimahefa alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, viatu vyake vikiwa mbali na tope. "Shemeji," alisema, "kile ni chuma tu."

"Na binti wa watu ni nyama tu, shemeji. Mbona humbebi begani ukaondoka?"

Solofo akaona afadhali akague rejeta.

"Lete msemaji," Voahangy akaendelea, "na aombe radhi kama mila inavyotaka. Radhi zote. Nataka kuisikia na ile."

"Ile ipi?"

"Ile."

Razafimahefa akasema jogoo wa shemeji amenenepa.

Msemaji aliletwa Jumamosi. Aliitwa Rainizafy, ana fimbo, ana kofia ya ukindu, ana shuka la kutupia begani, na ameozesha nusu ya mabinti wa wilaya kwa ulimi wake. Watu walikuja wakakaa juu ya kuta. Msemaji wa kweli haanzi kuomba kabla hajaomba radhi, kwa sababu lawama ni kama siafu, usipoifagia mlangoni utaikuta kitandani. Rainizafy alisimama mbele ya Reno, akavua kofia.

"Mimi niliyesimama ni mdogo na ninasema mbele ya wakubwa. Naomba radhi."

Bolti ya kwanza ililia kwii, ikalegea yenyewe. Solofo akaichomoa akaitia mfukoni.

"Wako waliotutangulia, nasi tunakanyaga juu yao. Naomba radhi."

Ya pili ikalegea.

"Jua linawachoma mlioketi, nami ndiye niliyewaketisha. Naomba radhi."

Ya tatu. Watu wakapiga makofi.

"Kama yuko tuliyemkosea, kwa kujua au kutokujua, kwa ujumla wake, naomba radhi."

Ya nne ilisita kidogo kisha ikalegea, kama mtu anayepokea zawadi ya soksi.

"Na kuku hawa tumewakatiza usingizi. Radhi, kina mama."

Ya tano ikatoka mbio, watu wakacheka. Rainizafy akaingia sasa kwenye posa yenyewe. Alisema wameona ua limechanua katika bustani ya watu, akaelekeza fimbo kwenye giaboksi iliyojaa mavi ya kuku. Alisema ua hilo litatunzwa, litapewa oili safi, halitalala njaa. Alisema vizuri mno, wanawake wawili wakafuta machozi. Bolti ya sita haikutikisika.

Solofo alijaribu kwa spana. Akajaribu kwa bomba juu ya spana. Akarudi nyuma.

Rainizafy akamgeukia aliyemleta. "Bwana, imebaki moja. Ni radhi gani hiyo iliyobaki?"

"Sema tumemkosea kwa ujumla," Razafimahefa akanong'ona.

"Kwa ujumla nimeshasema. Ilikuwa ya nne."

"Basi irudie."

"Hairudiwi, bwana. Hii sasa inamtaka mwenyewe."

Voahangy alisimama mlangoni, mkono kifuani. Ndani ya Reno, Ralaivao aliubana mkeka kwapani, akaishika sufuria vizuri, akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini. Miaka saba ule mguu haujagusa ardhi. Kila mtu aliuona.

Razafimahefa alivua kofia. Mtu akivua kofia mwenyewe, bila jua kumlazimisha, unajua jambo linakuja. Akasogea mpaka kwenye tope, viatu vikazama.

"Ni kweli," akaanza, "siku ile alipokuja kwangu…"

Bolti ikageuka robo. Kwii.

"…siku ile mvua ilinyesha sana."

Bolti ikarudi ilikotoka.

Waliokuwa juu ya kuta wakatazama mawingu, kana kwamba wanaikumbuka ile mvua. Razafimahefa akavaa kofia yake.

"Solofo. Lete msumeno."

"Mzee," fundi akasema polepole, "baina ya neno moja na msumeno, msumeno ndio kazi zaidi."

"Nakulipa kwa msumeno."

Ikakatwa. Kichwa cha bolti kilianguka kwenye majani ya maboga, kipande kilichobaki kikabaki kimeuma injini. Sauti ya chuma ilipokoma, Ralaivao aliurudisha mguu ndani, akafunga mlango taratibu ili asiwaudhi wageni.

Posa huja na kitako cha kondoo kwa upande wa binti. Razafimahefa alileta mkia wa kuku, uliofungwa kwenye jani. Alieleza kwamba kondoo siku hizi hawashikiki bei. Voahangy aliupokea kwa mikono miwili. Kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwake, mkia ulivushwa barabara kupelekwa kwa kaka mkubwa, maana ndiyo heshima yake. Huu ulikuwa wa kwanza kuvuka kurudi.

Siku iliyofuata alikwenda kuokota mayai, akakuta kiti cha abiria ni kitupu. Alitazama ng'ambo. Ralaivao alikuwa amekaa kwenye Reno ya samawati, na sufuria yake, na mkeka wake. Kaka alikuwa amemtandikia nailoni chini, kwa ajili ya viti vipya.

Giaboksi ilifanya kazi vizuri ajabu. Gia tatu ziliingia kama kijiko kwenye uji. Kasoro ilikuwa moja: gari lilikwenda hospitali. Ukielekeza usukani kanisani, linakwenda hospitali. Ukielekeza sokoni, linapanda kilima, linasimama langoni, linaunguruma kwa adabu. Solofo alilikagua akasema upande wake hakuna tatizo. Chama kikakutana. Matembezi ya Jumatatu ya Pentekoste yalikuwa yaishie ziwani, kwenye kivuli na pilau, lakini mwenyekiti ndiye mwenyekiti. Wajumbe wakakubaliana kwamba mandhari ya hospitali ni bora zaidi. Utepe wa mwisho ukafungwa langoni, wagonjwa wakaambiwa waingie kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu hiyo mguu wa Voahangy ulikuwa umevimba mpaka gotini. Ulianza wakati wa mvua, sasa ulikuwa kama wa mtu mwingine. Alisimama kando ya barabara, sufuria mkononi, mkeka kichwani, magari ya kale yakimpita moja moja na maua yake. La samawati lilikuja mwisho, kama mwenyekiti anavyotakiwa. Nyuma hamkuwa na mtu.

"Shemeji," akasema, "si mnakwenda kulekule?"

Razafimahefa aliuangalia mguu. Uso wake ulijaa huruma, huruma ya kweli, angeweza kuigawia wilaya nzima.

"Ningekuchukua, shemeji. Gari limetoka kuoshwa."

Ralaivao alisogeza sufuria yake, akakunja magoti, akamwachia mkewe nafasi pembeni yake. Gari lilisita. Liliguna mbele ya Voahangy kama mtu anayemeza mate. Lakini giaboksi ni ya Ralaivao, na milango ni ya kaka yake, na kaka yake alikuwa amebana kitasa. Gari likaendelea.

Alipanda kwa miguu. Alipofika, kikombe cha mshindi kilikuwa kimeshatolewa, kwa gari halisi kuliko yote, giaboksi yake ya asili, hata abiria wake wa asili. Ralaivao alishuka akaenda mpaka langoni. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimpa pole, akamwambia amechelewa, akamwonyesha mahali pa kugeuzia. Ralaivao akashukuru, akarudi kwenye nailoni yake. Kando yake Razafimahefa alikuwa akihutubia. Aliomba radhi kwa jua. Aliomba radhi kwa vumbi, kwa urefu wa hotuba, kwa wagonjwa waliopitia nyuma, na kwa wote aliowakosea kwa kujua au kutokujua. Watu walipiga makofi sana. Wengi walisema hawajaona mtu mnyenyekevu namna ile.

Voahangy akaingia kwa mlango wa nyuma, akafungwa bandeji, akashuka.

Utepe hufungwa langoni kila mwaka sasa, na hakuna anayekumbuka kwamba zamani watu walikwenda ziwani. Hotuba huwa ndefu kidogo kuliko ya mwaka uliopita, maana radhi zinaongezeka. Voahangy huisikia akiwa kwake, upepo ukiwa mzuri. Ikikoma, huchukua koleo, huenda kwenye Reno ya kuku, hukibana kile kipande cha bolti kilichobaki kwenye injini, na kujaribu, asije akawa amepitwa na lile neno. Hakigeuki. Anapangusa koleo kwa khanga, analitia mfukoni, anainama kuokota mayai, wala hamwambii mtu anyanyue miguu.